Kazi ya Uzeeni: Mafunzo ya Buddha kwa Aliyestaafu

Siku ya kustaafu ina utaratibu wake unaojulikana. Kuna hotuba, kuna keki, kuna zawadi ya blanketi au ya kiti, na picha ya pamoja mbele ya ofisi. Kiinua mgongo kinaingia benki baada ya miezi ya kusumbuana na makaratasi. Jumatatu inayofuata, saa kumi na moja alfajiri, mwili unaamka wenyewe kama ulivyozoea kwa miaka thelathini, na hakuna pa kwenda. Simu iliyokuwa ikilia kutwa sasa inalia mara moja, na aliyepiga amekosea namba. Tanzania, Kenya na Uganda, mtumishi wa umma kwa kawaida huondoka kazini kwa lazima afikapo miaka 60, na wengi hubakiwa na miaka 15, 20 au zaidi ya kuishi. Kama umo katika miaka hiyo, au unaikaribia, au una mzazi aliyemo, mwongozo huu ni wako. Kuhusu kuwekeza mafao na kufuga kuku wa mayai utapata washauri wengi. Hapa tunashughulika na swali ambalo mstaafu huliuliza akiwa peke yake, tena usiku: mimi sasa nipo kwa ajili ya nini?

Wengi tunalijibu swali hilo kwa kutafuta mbadala. Aliyekuwa mkurugenzi anatafuta uenyekiti wa kamati ya kanisa au ya msikiti. Aliyekuwa mwalimu mkuu anawania udiwani. Mama aliyelea watoto saba anang'ang'ania kulea wajukuu kwa namna ambayo wazazi wao hawakuiomba. Kazi zenyewe hazina ubaya. Ila cheo kipya nacho kina tarehe yake ya kwisha, na kinapokwisha uchungu unarudi uleule, magoti yakiwa yamechoka zaidi. Hoja ninayoitetea, nikiichota katika mafundisho ya Buddha, ni kwamba uzee una kazi yake mahususi, isiyongoja uteuzi wala kura. Kazi hiyo ni kuufunza moyo, kisha kuwapa wengine kile ambacho moyo uliofunzwa unaweza kutoa. Kijana pia anaweza kuifanya, lakini mara nyingi hana nafasi, na bado hajapata sababu ya kutosha. Mzee ana nafasi, na sababu anaamka nayo kila asubuhi viungoni.

Buddha huchorwa akiwa na uso laini wa kijana, ameketi chini ya mti, na kwa hiyo watu husahau kwamba naye alizeeka. Mapokeo yanasema alifariki akiwa na miaka 80, katika mji mdogo wa Kusinara, ambao leo ni Kushinagar kaskazini mwa India. Maandiko ya kale ya Kibuddha, yaliyo katika lugha ya Kipali, yanasimulia uzee wake bila kumpamba. Mahali pamoja ameketi akiota jua la jioni mgongoni, na Ananda, msaidizi wake, anamkanda viungo huku akistaajabu jinsi ngozi ilivyolegea na mgongo ulivyopinda mbele. Mahali pengine anamwachia mwanafunzi aendelee kufundisha kwa sababu mgongo unamuuma, naye anajilaza aunyooshe. Miezi michache kabla ya kufariki anasema mwili wake umekuwa kama mkokoteni mkuukuu unaokwenda kwa kufungwafungwa kamba. Hata hivyo anaendelea kutembea kijiji kwa kijiji. Usiku wake wa mwisho, akiwa amelala chini, anakuja msafiri mmoja aitwaye Subhadda na swali lake. Ananda anamzuia mara tatu, asimchoshe mgonjwa. Buddha anayasikia mazungumzo yao, anaagiza mgeni aachwe aingie, na anamjibu. Huyo ndiye mwanafunzi wa mwisho aliyempokea mwenyewe. Tena hakumteua mtu wa kurithi kiti chake. Aliwaambia wanafunzi wategemee mafundisho na juhudi zao. Afya haikuwepo tena, nguvu zilikwisha, cheo cha kuachia hakikuwepo, na kazi iliendelea mpaka usiku ule.

Ili uone kazi hiyo ni ipi, anza na alichokitaja Buddha kuwa chanzo cha machungu yetu. Alikiita tanha, maana yake kiu, na akasema ina sura tatu: kiu ya vinavyopendeza, kiu ya kuwa, na kiu ya kutokuwa. Ya kwanza haihitaji maelezo. Ya pili ndiyo inayomtesa mstaafu: kiu ya kuwa mtu fulani, kuitwa bosi, kuinukiwa unapoingia, kuwekewa kiti cha mbele msibani. Kiswahili kina neno kung'atuka, ambalo Mwalimu Nyerere alilichukua katika Kizanaki na kulieneza alipoachia urais mwaka 1985. Kung'atuka kwenye kiti ni jambo la siku moja. Kung'atuka katika kujiona mwenye kiti kunaweza kuchukua miaka, na hakuna anayekuandalia sherehe. Jichunguze kwa wiki moja tu: hesabu ni mara ngapi umeanza maneno yako kwa kusema wakati wetu mambo hayakuwa hivi, au ni mara ngapi umeudhika kwa sababu mtu hakukuuliza ushauri. Usijilaumu kwa hesabu utakayoipata. Unaitazama kiu, na huwezi kuishughulikia kabla ya kuitazama.

Sura ya tatu inastahili kusemwa polepole, kwa kuwa huwa tunaiheshimu bila kuihoji. Mzee anasema: mimi nimechoka, Mungu anichukue tu. Walio karibu huinamisha vichwa, wakiyachukulia maneno hayo kuwa ndiyo hekima ya utu uzima. Buddha aliihesabu hamu hiyo ya kutoweka kuwa kiu kama zile nyingine mbili. Mtu aliyetaka kuwa mkubwa na akakosa anaweza kugeuka na kutaka kutokuwepo kabisa, na moto unaomchoma ni uleule. Kwa hiyo wanaodhani kwamba mafundisho haya yanamwambia mzee akate tamaa hawajamsikia Buddha vizuri. Na hapa niseme jambo la kivitendo kabisa: kama hamu ya kuishi imekutoka kwa wiki kadhaa, huli, hulali, hupendi kuongea na mtu, hiyo ni hali ya kumwona daktari. Sonona hutibika, hata kwa mtu wa miaka 80, na ni kosa kubwa kuiita uzee.

Kuna anayeuliza: kama kiu ndiyo tatizo, je, mzee asitake chochote? Mafundisho yenyewe yanatofautisha. Kuna tanha, na kuna chanda, yaani nia ya kutenda jambo, ambayo ikielekezwa kwenye wema huhesabiwa kuwa msingi wa kila maendeleo ya moyo. Tofauti yake utaiona kwa kujiuliza swali dogo: ningelifanya jambo hili hata kama hakuna atakayejua ni mimi niliyelifanya? Kupanda miembe ambayo matunda yake huenda usiyaonje ni chanda. Kupanda miembe ili njia iitwe kwa jina lako, hapo kiu imeshaanza kuingia. Sisemi uache kupanda, maana mara nyingi nia zetu huja zimechanganyika. Nasema ujue unakunywa nini.

Mfano bora wa mzee anayefundishwa kazi hii ni mtu wa kawaida mwenye nyumba na mke, aitwaye Nakulapita. Alimwendea Buddha akiwa amezeeka na mgonjwa mara kwa mara, akaomba neno la kumsaidia. Buddha hakumwambia kwamba umri ni namba tu. Alikubali kwamba mwili ule ni dhaifu kweli, akasema hata kujigamba kuwa mzima kwa dakika moja ukiwa na mwili wa namna hii ni upumbavu. Kisha akampa zoezi: ajifunze kukaa katika hali ambayo mwili unaugua na moyo hauugui pamoja nao. Nakulapita akatoka uso umenawiri, naye Sariputta, mwanafunzi mkuu, alipomwona akamfafanulia zaidi: anayeukumbatia mwili na kusema huu ni mimi, huu ni wangu, mwili ukibadilika lazima naye avunjike. Zingatia neno kujifunza. Mzee yule alipewa mafunzo, kama fundi chipukizi anavyopewa. Hakuambiwa apumzike kwa kuwa amemaliza.

Na kwa wanaosema mzee hafundishiki, Wabuddha wana simulizi ya Sona. Alikuwa mama wa watoto kumi. Alipobaki peke yake aliwagawia mali yote kwa ahadi kwamba watamtunza, na baada ya muda mfupi akaonekana mzigo katika kila nyumba. Kisa hiki hakihitaji tafsiri kwa msomaji wa Kiswahili. Kipo katika kila mtaa, na kesi zake zimejaa ofisi za ustawi wa jamii. Sona akajiunga na watawa wa kike akiwa ameshazeeka. Huko alipewa kazi ya kuchemsha maji ya wenzake waliokuwa wadogo kwake. Mchana alikuwa na kuni na chungu. Usiku ndio ulikuwa wake. Kwa kuwa macho hayakuona vizuri gizani, alishika nguzo moja ya jengo kwa mkono na kuizunguka polepole, hatua kwa hatua, akitafakari, ili asijigonge kichwa. Sipati picha nyingine inayoeleza vizuri zaidi juhudi ya uzeeni: mkono kwenye nguzo, miguu inayosogea kidogo, na moyo ulioamka. Buddha alimtaja kuwa wa kwanza kwa juhudi kati ya watawa wote wa kike, wakiwemo waliokuwa na umri wa wajukuu wake.

Tuje kwenye zoezi lenyewe. Anza na dakika 10 kila alfajiri, kabla ya redio na kabla ya simu. Huna haja ya kukunja miguu kama sanamu. Kaa kwenye kiti cha kawaida, nyayo zikanyage sakafu, mgongo ujitegemee kadiri unavyoweza, mikono ipumzike mapajani. Elekeza usikivu mahali unapoisikia pumzi waziwazi, puani au tumboni. Usiivute wala usiizuie. Baada ya pumzi tatu au nne utagundua umeshafika kwenye mgogoro wa mpaka wa kiwanja, au kwa yule mdogo wako ambaye hajarudisha deni. Ukigundua, sema kimoyomoyo kwamba haya ni mawazo, na urudi kwenye pumzi. Utarudi mara ishirini, na kurudi huko ndiko mazoezi. Anayerudi mara ishirini amefanya kazi mara ishirini. Usingizi ukikuvamia, fumbua macho au simama utembee taratibu kutoka ukuta hadi ukuta. Usingoje njozi wala sauti. Baada ya wiki kadhaa huenda ukaona tu kwamba umeanza kulisikia neno la kuudhi kabla hujalijibu. U Ba Khin, aliyekuwa Mhasibu Mkuu wa serikali ya Burma, alifungua kituo cha taamuli jijini Rangoon mwaka 1952 akiwa bado mtumishi wa serikali, akastaafu mwaka 1967 na kuendelea kufundisha hadi alipofariki mwaka 1971. Namtaja kwa sababu wengi hudhani kazi hii ni ya watawa wa milimani, hali mtu huyu alikuwa na mafaili mezani kama wewe ulivyokuwa nayo.

Mafunzo ya alfajiri yanajaribiwa mchana, hasa kwenye maumivu. Buddha alitoa mfano wa mtu aliyechomwa mshale, kisha akachomwa mshale wa pili palepale. Mshale wa kwanza ni maumivu ya mwili, na hakuna aliye hai asiyeyapata. Wa pili tunajichoma wenyewe kwa huzuni, hasira na malalamiko juu ya maumivu hayo. Chukua goti. Unainuka kitandani, goti linauma. Huo ni mshale wa kwanza, nao dawa yake ni kliniki, mazoezi mepesi na kupunguza uzito. Lakini kabla hujafika mlangoni tayari umejiambia: nitaishia kwenye kiti cha magurudumu, watoto watanichoka, na yule wa Mwanza hata hapigi simu. Goti halikusema lolote katika hayo. Siku goti linapouma, keti ukingoni mwa kitanda, peleka usikivu kwenye maumivu yenyewe kwa pumzi tano, uone yanachoma au yanavuta, yapo ndani au pembeni, yanazidi au yanapungua. Kisha inuka, umeze dawa ya daktari kama umepewa. Maumivu huenda yasipungue hata kidogo. Hadithi inayoyafuata hupungua, na mara nyingi ni hadithi hiyo iliyokuwa ikikukosesha usingizi.

Zoezi jingine litapata upinzani mkali zaidi kwetu. Buddha alishauri kwamba kila mtu, mwanamke au mwanamume, mtawa au mwenye familia, akumbuke mara kwa mara mambo matano: kwamba kuzeeka hakunikwepi, kuugua hakunikwepi, kufa hakunikwepi, nitatengana na kila ninachokipenda na kila ninayempenda, na matendo yangu ndiyo mali yangu ya kweli nitakayoirithi. Mwambie mtu wa pwani ajikumbushe kifo kila jioni, atakwambia huo ni uchuro. Nauelewa woga huo, kwani maneno yana uzito na hakuna anayependa kuuita msiba nyumbani. Lakini tazama mwenendo wetu: tunanyamaza juu ya kifo maisha yote, kisha kinapokuja kinatukuta na hati zimepotea, madeni hayajulikani, na ndugu wawili wa tumbo moja hawajasemezana kwa miaka kumi na miwili kwa ajili ya mbuzi. Ukimya haukumkinga mtu. Kwa Mwislamu, kukumbuka mauti ni jambo alilofundishwa tangu chuoni; Wakristo wengi hupakwa majivu Jumatano ya Majivu ili wakumbuke hilohilo. Kinachoongezwa na Buddha ni utaratibu wa kila siku na ule mwisho wa orodha: ukishayaona manne ambayo huna uwezo nayo, linabaki moja ambalo unalo mikononi mpaka pumzi ya mwisho, nalo ni matendo. Hapo ndipo kusudi la uzeeni linapokaa, kwenye jambo la tano. Ukiyapitia manne ukaishia hapo, umejitia huzuni bure. Fika la tano, kisha jiulize kesho utamfanyia nani nini.

Katika kutoa, mzee huwa tajiri kuliko anavyodhani, na huweza pia kuwa mgumu kuliko anavyodhani. Muda wako ni zawadi. Kumsikiliza kijana dakika arobaini bila kumkatiza ni zawadi ambayo katika mji mzima hawezi kuinunua. Kumfundisha binti wa jirani kushona, kumsaidia mtoto hesabu za kugawanya, kumtembelea mgonjwa ambaye watu wameshamzoea na kuacha kwenda, yote haya yanaingia katika dana, yaani utoaji. Kilicho kigumu ni ushauri. Tumelelewa kuamini kwamba penye wazee haliharibiki neno, na kweli jungu kuu halikosi ukoko, lakini ukoko huliwa na anayeutaka. Jiwekee kanuni: shauri uliloombwa, litoe; ambalo hukuombwa, ling'ate mpaka uone hatari ya wazi. Kuna simulizi ya Radha, mzee aliyeishi kwenye makazi ya watawa akifagia na kung'oa magugu, kila alipoomba kujiunga akikataliwa kwa sababu ya umri. Buddha alipouliza kama kuna anayekumbuka wema wowote wa mzee huyu, Sariputta akasema siku moja alimpa kijiko cha chakula chake. Kwa kijiko kile akakubaliwa. Sifa iliyomfanya akumbukwe ni wepesi wake wa kusahihishwa, yeye mzee, bila kununa. Ukitaka kuipima hali ya moyo wako, mwombe mjukuu akufundishe jambo kwenye simu, kisha uangalie unavyojisikia anaposema kwa mara ya tatu: babu, si hapo.

Kazi hii huwa nyepesi ikifanywa na wengine. Sri Lanka, kila siku ya mwezi mpevu, iitwayo Poya, ni sikukuu ya taifa. Alfajiri hekalu hujaa watu waliovaa nyeupe, wengi wao bibi na babu, wenye maua mikononi na taa za udongo zenye mafuta ya nazi. Wanaahidi kushika amri nane kwa siku hiyo, mojawapo ikiwa kutokula baada ya adhuhuri, wanatandika mikeka chini ya mti wa Bodhi, wa aina ileile ya ule ambao Buddha aliketi chini yake, na hapo wanashinda: wanasikiliza mafundisho, wanatafakari, wanasinzia kidogo, wanaulizana hali. Hiyo ni siku ambayo wazee ndio wenyeji na vijana ndio wageni. Wafanyakazi kutoka kisiwa hicho waliofika Dar es Salaam mwanzoni mwa karne ya 20 walijenga hekalu na kupanda mti wa Bodhi ambao uko mjini humo hadi leo, na nchini Uganda mtawa mzaliwa wa huko, Bhante Buddharakkhita, alianzisha kituo cha Kibuddha mwaka 2005. Kwa hiyo mwenye hamu ya kujifunza kwa mwalimu hana ulazima wa kupanda ndege kwenda Asia. Na kama hutaki kwenda hekaluni, wazee watano wanaokutana mara moja kwa mwezi, wakakaa kimya nusu saa, kisha wakanywa kahawa na kuzungumza waliyojifunza, wanatosha.

Utasema: mimi nina dini yangu. Sitakudanganya kwamba dini zote zinasema jambo moja, kwa sababu hazisemi. Ubuddha hauna Mungu Muumba, na unafundisha kuzaliwa upya. Mwislamu na Mkristo wana haki ya kutoyakubali hayo. Lakini kuitazama pumzi, kuvumilia maumivu bila kuyaongezea, kukumbuka kifo, na kutoa bila kutangaza ni mambo ambayo unaweza kuyafanya kisha uende kuswali au kusali, na ukaona umefika kwenye swala yako ukiwa umetulia zaidi. Buddha mwenyewe aliwaambia watu wa mji wa Kesaputta wasipokee neno kwa sababu limesemwa na mkubwa. Wapime wenyewe kama likitendwa linaleta madhara au manufaa. Pima vivyo hivyo.

Upinzani mzito zaidi ni wa njaa. Wazee wengi wa Afrika Mashariki hawana pensheni yoyote; bado wanalima, tena wanalea wajukuu walioachwa yatima. Kumwambia bibi wa namna hiyo akae atazame pumzi kunaweza kuwa dharau. Nakubali, na mapokeo ya Kibuddha yanakubali kabla yangu. Yanasimulia mkulima maskini wa mji wa Alavi aliyechelewa kufika kwenye mafundisho kwa sababu alikuwa akimtafuta ng'ombe wake aliyepotea, akafika ana njaa. Buddha aliagiza alishwe kwanza, ndipo akafundisha. Pia alihesabu kuwa na mali iliyopatikana kwa haki na kutokuwa na deni miongoni mwa furaha halali za mwenye familia. Kwa hiyo anayechukua hekima hii ili aikwepe hoja ya pensheni jamii, kama ile ambayo Zanzibar ilianza kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2016, anaigeuza juu chini. Ila nasisitiza pia kwamba maskini ana moyo kama tajiri, na kumwona bibi huyo kama tumbo tu la kulishwa nako ni dharau. Sona naye alikuwa na kuni na chungu.

Sayansi nayo ina la kusema, ingawa tusilipandishe bei. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rush, Chicago, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazee zaidi ya 900 wasio na ugonjwa wa kupoteza akili. Waliopata alama za juu kwa kuhisi maisha yao yana kusudi walikuwa na uwezekano wa mara 2.4 wa kubaki bila ugonjwa wa Alzheimer, wakilinganishwa na wenye alama za chini. Mwaka 2002 Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walionyesha kwamba watu wa mji mmoja wa Ohio waliouona uzee wao kwa mtazamo mzuri waliishi kwa wastani wa miaka 7.5 zaidi. Matokeo haya hayathibitishi kwamba kusudi ndilo lililowakinga. Huenda wenye afya njema hupata kusudi kwa urahisi. Na aliyeugua Alzheimer asiambiwe kwamba alikosa kusudi. Kilichonivutia ni kwamba maswali ya Chicago yaliuliza kama mtu anaona maana na mwelekeo katika siku zake. Jambo hilo unaweza kuwa nalo ukiwa unafagia.

Limebaki moja ambalo usiliahirishe. Tafuta jioni moja, ukae na mwenzi wako au mtoto mkubwa, mzungumze mambo ya kifo chako kwa sauti ya kawaida: hati ya kiwanja iko wapi, nani anakudai na nani unamdai, wosia umeandikwa au bado, uzikwe wapi. Ukimaliza yako, uliza wao wanaogopa nini, na usikilize. Yule Nakulapita aliwahi kuugua sana hata ikadhaniwa anakufa, na mkewe, Nakulamata, akaketi kando yake. Akamwambia asife akiwa na wasiwasi. Kama anahofia watoto watalishwa na nani, yeye anajua kusokota pamba na kuchambua sufu, nyumba itasimama. Kama anahofia ataolewa na mwingine, basi anajua jinsi walivyoishi miaka yote hiyo. Akaendelea hivyo, hofu moja baada ya nyingine, mpaka zikafika sita. Mapokeo yanasema mzee alitulia akisikiliza, na ugonjwa ukampungua. Siku chache baadaye alionekana njiani akiegemea fimbo, anakwenda kumsalimu mwalimu wake.